Namna ya Kukosoa Mchoro wa Penseli wa Mtu Anayeanza

Mtu anayejifunza kuchora akikuwekea karatasi mbele na kukuuliza "Unauonaje?", kuna majibu mawili yanayowahi kutoka mdomoni. Moja ni "Mzuri sana, endelea hivyo hivyo." Jingine ni "Mbona pua imekuwa ndefu?" La kwanza ni kilemba cha ukoka: ataondoka anatabasamu, na mchoro wa kesho utakuja na kasoro zile zile. La pili lina ukweli ndani yake, lakini halimwambii afanye nini. Tena mara nyingi pua yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye macho yaliyopandishwa juu mno, pua ikalazimika kurefuka ili iufikie mdomo.

Maoni yanayosaidia ni yale ambayo mwenye mchoro anaweza kurudi nayo kwa kile alichokichora, akapima kwa penseli yake, akaona mwenyewe kama umesema kweli. Hicho ndicho chujio ninalotumia kabla ya kufungua mdomo: jambo asiloweza kulihakiki, silisemi. Maneno mengi hubaki kwenye chujio, na ugomvi mwingi pia.

Ninazungumzia mchoro uliochorwa kwa mkono tu: bila rula, bila kuchora miraba ya kunakilia, bila kuweka karatasi juu ya picha na kufuatisha mistari.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujakosoa

Anza na swali la alichora akiangalia nini. Kama ni kitu kilichokuwa mbele yake, una cha kulinganisha nacho, na kikiwa bado kipo, mwombe akuonyeshe alipokaa ili nawe ukae hapo hapo, kwa kimo kile kile cha macho. Kama alichora kutoka kichwani, "hakifanani" ni neno lisilo na maana, maana hakuna cha kufanana nacho. Kama alichora kutoka kwenye picha ya simu, iombe hiyo picha uitazame. Picha ya uso iliyopigwa kwa karibu hukuza pua na kuyarudisha masikio nyuma, na huenda kinachokusumbua kwenye mchoro kimenakiliwa kwa uaminifu kabisa.

Uliza pia alitumia muda gani. Mchoro wa dakika tano haukosolewi kwa sababu nguo hazina mikunjo. Kisha uliza anachotaka umwangalizie. Wengine watasema "vivuli", wengine "sijui, naona tu kuna kitu hakijakaa sawa", na jibu hili la pili ni zuri kuliko linavyosikika, kwa kuwa jicho lake limeshaanza kuona kosa ambalo mkono bado haujui kulirekebisha. Wapo pia wanaotaka tu kukuonyesha. Huyo furahi naye, basi. Kukosoa usikoombwa hakumfundishi mtu.

Mtoto mdogo ana sheria zake. Akimchora mama mkubwa kuliko nyumba, hajakosea uwiano. Amekuonyesha nani ni mkubwa. Muulize habari za picha, mengine yaache.

Hatua ya 2: Utazame mchoro ukiwa wima

Usiutazame ukiwa umelala mezani. Uinue, uegemeze mahali, rudi nyuma hatua mbili tatu. Wengi wanaoanza huchora karatasi ikiwa imelala bapa, na hapo sehemu ya juu ya karatasi huwa mbali na jicho kuliko ya chini, ikionekana imebanwa. Mkono hufidia bila mwenyewe kujua: huirefusha sehemu hiyo. Akiwa ameinama mezani, kila kitu kinaonekana sawa. Karatasi ikiinuliwa, kichwa kimevutika kwenda juu. Ukiliona hilo, umepata kosa ambalo dawa yake haihitaji kipaji: ubao au kitabu kikubwa chini ya karatasi, kiinuliwe upande wa juu mpaka karatasi imtazame usoni.

Ukiletewa mchoro kwa picha ya simu, hakikisha ilipigwa kutoka mbele moja kwa moja, si kwa kuinamisha simu, la sivyo utamkosoa mtu kwa mistari iliyopindishwa na kamera.

Kisha utazame kwenye kioo. Ushauri huu ni wa zamani: Leon Battista Alberti, msanifu majengo na mwandishi wa Italia, aliutoa katika kitabu chake cha uchoraji cha mwaka 1435, na Leonardo da Vinci naye aliwahimiza wachoraji wawe na kioo bapa karibu. Jicho likishazoea mchoro hulisamehe kosa. Ukigeuzwa kushoto kwenda kulia, jicho huuona kama mgeni, na jicho moja lililo chini kuliko jingine hujitokeza mara moja. Simu nayo hugeuza picha namna hiyo kwa kugusa tu. Mwonyeshe mwenyewe. Mara nyingi ataliona kosa kabla hujasema lolote, na hapo kazi yako imepungua.

Hatua ya 3: Tafuta kosa lililozaa mengine

Hapa ndipo penye kazi. Mchoro wa anayeanza unaweza kuwa na kasoro kumi na tano, na ukizitaja zote hatabaki na hata moja kichwani. Lakini kasoro hizo kwa kawaida ni familia: chache ni wazazi, nyingi ni watoto. Mshike mzazi.

Utaratibu wa kumtafuta ni kutoka kikubwa kwenda kidogo. Angalia kwanza umbo lote limekaaje kwenye karatasi: je, limesukumwa pembeni, miguu ikakatika kwa kukosa nafasi? Halafu uwiano wa sehemu kubwa: upana kwa urefu, kichwa kwa mwili. Halafu mielekeo ya mistari mikuu, imeinama kiasi gani. Baada ya hapo ndipo uende kwenye maumbo madogo, kisha mwanga na kivuli, na mwisho kabisa kope, nywele na vifungo vya shati. Ukikuta kosa kwenye ngazi ya juu, simama hapo. Hakuna faida ya kumsahihishia mtu kivuli cha shavu ambalo litabidi lihamishwe.

Chukua kikombe, kwa sababu karibu kila anayeanza hukichora, na karibu kila mmoja hukikosea kwa namna ile ile. Ameketi, anakitazama kutoka juu kidogo. Mdomo wa kikombe ameuchora wazi sana, kama anaangalia ndani ya kisima. Pembe mbili za mdomo, kushoto na kulia, zimechongoka kama ncha za jani. Na kitako amekipiga mstari mnyoofu kabisa.

Ukihesabu, ni makosa matatu. Ukichunguza, ni moja: amechora anachokijua badala ya anachokiona. Anajua mdomo ni duara, kwa hiyo ameupanua. Anajua kikombe kimekaa juu ya meza iliyo bapa, kwa hiyo kitako amekinyoosha. Lakini kutoka alipokaa, mdomo ni duaradufu, yaani duara lililobanwa, lenye mviringo hata kwenye ncha zake, bila pembe popote. Na kitako, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa macho yake, mviringo wake umefunguka kuliko wa mdomoni. Akishika penseli kwa mlalo na kuilinganisha na sehemu ya chini kabisa ya kikombe halisi, ataona pande za kitako zinapanda juu ya penseli kushoto na kulia. Hakuna mjadala baada ya hapo.

Uso nao una mzazi wake, na nimeshamtaja: macho juu mno. Kwa mtu mzima anayetazamwa kutoka mbele, macho hukaa karibu katikati ya kichwa, ukipima kutoka utosini mpaka kidevuni. Utosini, si mwanzo wa nywele; hapo ndipo wengi hupotea. Paji la uso na nywele havina mambo mengi ya kuchora, basi mkono huvibana na kuwapa nafasi wenye mambo mengi, yaani macho, pua na mdomo. Matokeo yake ni fuvu lililokatwa juu, pua ndefu na masikio yasiyojua yakae wapi, ilhali mahali pake pa kawaida ni kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua. Shusha macho, na nusu ya familia inahama yenyewe.

Lakini vipimo hivi visiwe sheria ya kumpigia mtu. Kwamba kati ya macho mawili huingia upana wa jicho moja, kwamba kichwa kutoka mbele kina upana wa macho matano, kwamba mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na kitu, yote ni wastani. Kichwa kikiinama au kikigeuka, hesabu inabadilika. Kwa mtoto mchanga macho hukaa chini ya katikati. Vipimo hivi hukuonyesha pa kutazama. Anayesema kweli ni aliyekaa mbele yenu.

Hatua ya 4: Taja kilichofanikiwa, na useme kiko wapi

Sifa ya jumla haina kazi. "Una kipaji" haimwambii cha kurudia kesho. Sema: "Hapa kishikio kinapoungana na kikombe, umekikaza mstari, na kinaonekana kimeshikana kweli." Sasa anajua mahali, anajua alichofanya, na anaweza kukifanya tena. Kama huoni kitu kilichofanikiwa, hujatazama vya kutosha. Huenda ni nafasi tupu kati ya kishikio na kikombe ambayo umbo lake limetoka sawasawa, au mstari mmoja wa shingo uliopigwa mara moja bila kusitasita.

Usiifanye sifa kuwa kipande cha sukari kabla ya dawa chungu. Watu wanaijua hila hiyo, wakisikia "ni mzuri, ila...", wanafuta kila kilichotangulia "ila". Maliza sifa, weka nukta, mwache aiangalie hiyo sehemu. Ndipo uendelee.

Hatua ya 5: Geuza maoni yako yawe kipimo

"Mkono huu ni mfupi" ni hukumu. "Hebu pima mkono huu na uso, uone unaingia mara ngapi" ni kazi ya kufanya. Kwa hiyo lazima ajue kupima kwa penseli, na kama hajui, mfundishe sasa hivi, maana ni la dakika mbili.

Anyooshe mkono wote, kiwiko kisikunjwe, afumbe jicho moja. Ncha ya penseli aiweke kwenye upande mmoja wa kitu, kidole gumba akishushe mpaka upande wa pili. Huo ndio urefu wake. Aupeleke, bila kukunja kiwiko, kwenye kipimo kingine: upana wa mdomo wa kikombe unaingia mara ngapi katika kimo chake? Kisha afanye hivyo hivyo kwenye karatasi. Urefu hauhitaji kulingana. Uwiano ndio unaohitaji. Kiwiko kikikunjwa katikati ya kazi, vipimo vyote vimeharibika, na hili ndilo kosa la kwanza watu hufanya.

Kwa mistari iliyoinama, penseli hiyo hiyo huinamishwa hewani mpaka ilale sambamba na ukingo wa kitu, kisha hushushwa kwenye karatasi kwa mwelekeo ule ule. Mchoro wa chumba au wa meza husahihishwa zaidi na hili kuliko na maelezo yoyote. Ukingo wa meza ulio chini ya usawa wa macho hupanda kadiri unavyokwenda mbali, na ukingo wa dari hushuka. Anayeanza huiacha yote miwili imelala, kwa sababu anajua meza haijainama.

Na semeni habari za mchoro, si za mtu. "Mdomo umefunguka zaidi ya kikombe chenyewe" husikika tofauti kabisa na "wewe hujui duaradufu".

Hatua ya 6: Penseli yako iache mbali na karatasi yake

Usichore juu ya mchoro wa mtu. Hata kama ameruhusu, hata kama ni mstari mmoja tu. Ukishausahihisha, mchoro umekuwa wenu wawili, na sehemu nzuri kuliko zote si yake. Weka karatasi nyembamba inayoonyesha juu ya mchoro uchore hapo, au chora pembeni kwenye karatasi yako, kwa ukubwa wa kiganja, jambo moja tu unalolieleza.

Hatua ya 7: Vivuli na mistari, kama umbo limekaa

Umbo likiwa bado linayumba, ruka hatua hii. Likiwa limekaa, kuna mambo machache yanayojirudia.

Kabla ya kusema vivuli vimepauka, uliza alitumia penseli gani. Tangu Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipopata hataza mwaka 1795 ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, ugumu wa penseli hupangwa kwa mchanganyiko huo: udongo ukizidi, penseli ni ngumu na mstari wake ni mwepesi, nazo huandikwa H; udongo ukipungua, ni laini na nyeusi, nazo ni B. HB iko katikati, na namba iliyo mbele ya B ikikua, penseli ni laini na nyeusi zaidi. Mtu mwenye HB peke yake akikandamiza kutafuta weusi wa 6B, hataupata. Atachimba mfereji kwenye karatasi ambao ufutio hauutoi, na kila kivuli kitakachopita juu yake baadaye kitaacha mstari mweupe. Ushauri hapo ni kuongeza 2B na 4B, si "koleza zaidi".

Mwombe afinye macho hadi yabaki nusu wazi, atazame kitu halisi, kisha mchoro. Vitu vidogo hupotea na hubaki mafungu ya mwanga na giza. Pale penye giza kuliko pote kwenye kitu, je, ndipo penye giza kuliko pote kwenye karatasi? Mara nyingi utakuta kila kitu ni kijivu kimoja. Angalia pia kama mwanga unatoka upande mmoja. Pua yenye kivuli kushoto na kidevu chenye kivuli kulia vinagombana. Na kikombe kinachoonekana kuelea juu ya meza kwa kawaida kimekosa ule weusi mwembamba pale kitako kinapogusa meza, ambapo kivuli huwa kizito kuliko sehemu yake nyingine.

Kusugua kwa kidole ni tabia ya kuiambia mapema. Kidole kina mafuta, hutia madoa, na hueneza ukungu mpaka kwenye sehemu zilizopaswa kubaki nyeupe. Weupe wa karatasi ndio mwanga pekee alionao. Ukishachafuka, hakuna penseli ya kuurudisha ulivyokuwa.

Mistari yenye manyoya, ile ya kupapasa vipande vifupi vifupi kando ya ukingo mmoja, haitokani na woga peke yake. Tazama anavyoshika penseli. Akiishika karibu na ncha kama anaandika, vidole pekee ndivyo vinavyotembea, na vidole haviwezi kupiga mstari mrefu. Aishike nyuma zaidi, mkono utembee kutoka kiwiko na bega, aupitishe hewani mara mbili tatu kabla ya kugusa karatasi.

Kama somo lenyewe hulijui vizuri, simama. Pliny Mzee, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia kisa cha Apelles, mchoraji wa Ugiriki ya kale, aliyeweka picha zake hadharani na kujificha nyuma asikie watu wanasema nini. Fundi viatu akakosoa kiatu, Apelles akakirekebisha. Fundi akapata moyo, akaanza kukosoa mguu. Hapo Apelles akajitokeza na kumwambia ukosoaji wake usipande juu zaidi ya kiatu. Mtu ambaye hajawahi kuchora bado anaweza kusema "hapa macho yangu yanakwama". Hiyo ni habari yenye thamani, ilimradi asiambatanishe na dawa asiyoijua.

Hatua ya 8: Mpe zoezi moja, lililofungwa

Maoni yaishe kwa kazi ndogo inayolenga kosa lile lile moja. Kwa kikombe chetu, mazungumzo yote yanaweza kuwa haya:

"Kishikio umekipata, hasa kinapoungana na mwili. Sasa rudi ulipokuwa umekaa, pima upana wa mdomo, halafu pima umefunguka kiasi gani, uone kipimo hicho cha pili kinaingia mara ngapi katika upana. Pima hivyo hivyo kwenye karatasi. Ukishaiona tofauti, chora kikombe hiki hiki upya mara tatu, mistari tu, bila vivuli. Cha kwanza macho yakiwa juu yake sana, cha pili umeketi, cha tatu umeinama mpaka mdomo wa kikombe uwe usawa wa macho."

Hicho cha tatu kitampa mdomo ulio mstari mnyoofu, na atauona ukibadilika kutoka mviringo hadi mstari bila kikombe kubadilika. Ni zoezi moja, lina mwisho, na atajua mwenyewe kama limefaulu. "Fanya mazoezi zaidi" si zoezi.

Mwambie asiufute mchoro wa kwanza wala kuurekebisha mpaka ukaiva. Anayeanza hung'ang'ana na karatasi moja hadi inachanika. Akichora upya anajifunza haraka zaidi, na wa zamani unabaki wa kulinganishia. Aandike tarehe nyuma.

Akirudi, muulize kwanza kipimo kimesema nini. Wakati mwingine atakwambia amepima na mdomo ulikuwa sawa tangu mwanzo. Mpokelee hapo hapo, bila kujitetea, kisha wekeni mchoro na kikombe pamoja mtafute ni nini basi kilichofanya mdomo uonekane umefunguka sana. Anza na kitako: kikiwa kimenyooka kama mstari, mdomo ulio sahihi nao huonekana umekosewa.